MASWALI YENU: Nuuk, mji mkuu mdogo wa Greenland, na mambo yake ya kale

Tangu tuandike habari za uwanja mpya wa ndege wa Nuuk barua zimemiminika hapa, na karibu wote mnauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, yaani huko Greenland zaidi ya barafu kuna nini cha kuona. Nimechagua maswali machache ambayo naona yatawafaa wengi. Niseme mapema ninavyoona mimi: Nuuk ni mji wa watu kama elfu 20 hivi, unaweza kuuzunguka kwa miguu, lakini historia yake bado ni ya moto, watu wenyewe wanabishana kuhusu sanamu, kuhusu majengo, kuhusu nani akumbukwe na nani aondolewe, na hiyo ndo inanifanya niupende. Haya tuanze.

Shikamoo dada. Mimi ni mtu wa Tukuyu, Mmoravian wa kuzaliwa, babu yangu alikuwa mwinjilisti. Mchungaji wetu alisema wamisionari wa Moravian walifika Greenland zamani sana kabla hawajaja kwetu Rungwe. Ni kweli? Na kuna kilichobaki?
*Msomaji, Tukuyu*

Marahaba ndugu yangu. Mchungaji wenu kasema kweli tupu, tena waliwatangulia kwa miaka 158. Rungwe ilianza 1891, Greenland ilianza 1733. Na chimbuko ni lile lile, Herrnhut, kijiji kidogo cha Saxony huko Ujerumani ambako wakimbizi wa imani kutoka Moravia walipewa hifadhi kwenye ardhi ya mkabaila mmoja, Zinzendorf, kuanzia 1722. Mwaka 1732 wakatuma watu wawili kisiwa cha St. Thomas kwenda kwa watumwa, mwaka uliofuata wakatuma watatu Greenland, Matthäus Stach, binamu yake Christian Stach, na Christian David ambaye alikuwa fundi seremala, na fundi seremala ndo hasa aliyekuwa anatakiwa pale maana Greenland haina misitu ya mbao za kujengea, kila ubao unaletwa kwa meli.

Walifika wakati mbaya kuliko wote. Mwaka huo huo wa 1733 ndui iliingia, ililetwa na mtoto aliyekuwa amerudi kutoka Copenhagen, na Wainuit, wenyeji wa Greenland, hawakuwa na kinga yoyote ile, watu walikufa familia nzima nzima, makazi yakabaki matupu. Hao wageni wakawa wanauguza na kuzika, lugha hawaijui, chakula shida. Miaka ikapita bila kubatiza mtu hata mmoja. Mpaka 1738 ndo wakampata Kajarnak, ambaye aliguswa aliposikia habari za mateso ya Yesu zikisomwa, akabatizwa 1739, na Wamoravian wa dunia nzima wakaja kumsimulia huyo mtu kwa miaka mingi sana.

Kilichobaki sasa. Walipaita mahali pao Neu-Herrnhut, yaani walibeba jina la nyumbani, na nyumba yao kubwa ya mwaka 1747 bado imesimama mpaka leo, Wagreenland wanaiita Noorliit. Ukiwa mjini unafika kwa miguu tu. Nyumba hiyo baadaye ikawa na chuo kikuu cha Greenland, Ilisimatusarfik, kabla hakijahamia kwenye majengo mapya. Hebu fikiria ndugu yangu, nyumba ya misheni inakuwa chuo kikuu, mtu wa Rungwe hahitaji kuelezwa sana hapo.

Wamoravian wenyewe waliondoka Greenland mwaka 1900 wakakabidhi waumini wao kwa kanisa la Kilutheri la Denmark, kwa hiyo ukienda usitarajie kukuta ibada ya Moravian ya kuungana nayo. Kanda ambayo walikaa miaka zaidi ya 160 wameiacha, na kwetu ambako wakati huo walikuwa hata miaka kumi hawajamaliza, Tanzania leo ni kati ya nchi zenye Wamoravian wengi kuliko zote duniani. Mimi hilo linanigusa sana kila nikilifikiria.

Kuna mtu mmoja nataka umtafute ukifika, Samuel Kleinschmidt. Alizaliwa huko huko Greenland 1814, mtoto wa wamisionari, akaandika kitabu cha sarufi ya Kigreenland kilichochapwa 1851, kamusi ikafuata 1871, na namna aliyoandika lugha ile ilitumika zaidi ya miaka 100. Alikuwa anakaa Neu-Herrnhut na kufundisha chuo cha ualimu upande wa pili wa mji, na inasimuliwa kwamba asubuhi za giza alitoka na taa yake ya mkononi, kukianza kupambazuka anaitundika kwenye nguzo njiani, jioni akirudi anaichukua tena imwangazie mpaka nyumbani. Mjini wameweka kumbukumbu ya hiyo taa. Nguzo tu na taa, hamna zaidi, lakini kwangu inazidi sanamu nyingi kubwa.

Mambo vipi dada, natoka Kisumu ila nipo masomoni Denmark. Nimepata nafasi ya kwenda Nuuk Desemba. Nimeambiwa ni giza masaa 24, sasa si nitakuwa sioni kitu?
*Mwanafunzi, Aarhus*

Poa kaka. Hapana, hilo giza la mchana kutwa ni la huko juu kaskazini. Nuuk iko nyuzi 64 hivi, kusini kidogo ya ule mstari wa Aktiki, kwa hiyo Desemba unapata mwanga kama masaa manne. Majengo na sanamu ufanye mchana, makumbusho ziwe za mwisho, na kabla hujatoka angalia siku na saa za kufungua maana msimu wa baridi wanapunguza. Viatu vyenye meno chini ni lazima, barabara zinakuwa kioo.

Mimi na mume wangu tutapita Nuuk kwa meli ya kitalii, tutakuwa na siku moja tu ya kushuka. Tuanzie wapi?
*Mama wa watatu, Mombasa, kwa sasa Toronto*

Muanzie bandari ya zamani, Kolonihavnen, na kusema kweli msipofika pengine popote hapo panatosha. Vitu vyote vikubwa vya kale vimesogeleana hapo hapo.

Nyumba ya Hans Egede, yule mmisionari aliyeanzisha mji, ndo ya kwanza kutafuta. Ilijengwa 1728, ndo mwaka mji ulipoanzishwa, na inahesabika kuwa nyumba kongwe kuliko zote Greenland ambazo bado zinatumika. Ila msijepanga kuingia ndani, serikali inaitumia kupokea wageni wake, mtaiona kwa nje. Egede mwenyewe alikuja 1721 akakaa kwanza kisiwani, karibu na Kangeq, miaka saba ya shida, halafu 1728 wakahamia bara. Mwaka huo huo mfalme wa Denmark alileta gavana, Claus Paarss, na askari, na wafungwa waliofungishwa ndoa haraka haraka ili wakajaze koloni, na farasi wa kuvukia barafu kwenda upande wa pili wa nchi! Farasi walikufa. Watu nao wengi walikufa winta ile kwa kiseyeye. Kwa hiyo mkiiona hiyo nyumba imetulia na kupendeza mjue ilianza katika hali gani.

Karibu na hapo kuna kanisa jekundu la mbao lenye mnara wa saa, lilijengwa 1848 na 1849, leo ndo kanisa kuu. Mkibahatika kufika tarehe 21 Juni, sikukuu ya taifa, mtakuta watu wamevaa vazi lao la asili, wanawake wanavaa mabegani kola pana ya shanga za rangi iliyofumwa shanga moja moja, na buti ndefu za ngozi ya sili zenye nakshi ya vipande vidogo vidogo vya ngozi vilivyoshonwa kwa mkono. Mama kama wewe wa Pwani unayejua kazi ya mkono utakaa unaangalia ile nakshi tu. Watoto pia huvalishwa hivyo siku ya kwanza kabisa ya kuanza shule.

Halafu mteremke ufukweni mkamwone Mama wa Bahari, Sassuma Arnaa, sanamu ya mchongaji Christian Rosing. Huyu kwenye imani ya kale ya Wainuit ndo mwenye wanyama wote wa baharini. Watu wakivunja miiko uchafu unajikusanya kwenye nywele zake, wanyama wananasa humo humo, wawindaji wanarudi mikono mitupu, basi inabidi mganga ashuke mpaka chini kabisa akamsafishe na kumchana nywele ndipo sili na nyangumi waachiliwe tena. Sanamu iko kwenye mawe ya ufukweni, maji yakijaa inazama, yakitoka anaonekana yeye na wanyama wake na yule mganga. Kwa hiyo muulize saa za maji kupwa kabla ya kwenda, watu wa Mombasa hilo sina haja ya kuwafundisha.

Rangi za nyumba zilizowavutia kwenye picha zilikuwa na maana yake zamani, nyekundu biashara na kanisa, njano hospitali, bluu viwanda vya samaki, kijani mawasiliano, polisi nyeusi. Siku hizi kila mtu anapaka atakavyo.

Nafundisha historia sekondari. Wanafunzi waliniuliza kuhusu sanamu ya yule mmisionari iliyomwagiwa rangi. Iliondolewa? Na wewe unaonaje?
*Mwalimu, Bagamoyo*

Haikuondolewa mwalimu. Ni ya Hans Egede, ya shaba, iko juu ya kilima palepale bandari ya zamani, kazi ya mchongaji August Saabye, na iliwekwa kwa ajili ya kutimiza miaka 200 tangu Egede afike 1721. Ukisimama pale juu unaona kanisa chini yako na bahari yote mbele. Tarehe 21 Juni 2020, sikukuu ya taifa, watu waliamka wakaikuta imemwagiwa rangi nyekundu na imeandikwa maneno ya kudai ukoloni uondoke. Ni kipindi kile sanamu zilikuwa zinaangushwa Marekani na Uingereza.

Manispaa ya Sermersooq, ndo yenye mji, ikaamua iwaulize wakazi wenyewe kwa kura. Waliosema ibaki 921, waliosema iondoke 600. Ikabaki. Ila uwaambie wanafunzi wako wasiishie kwenye ushindi, waangalie na idadi, kura 1,521 kwa manispaa yenye watu zaidi ya elfu 20, wengi hawakupiga kabisa.

Umeniuliza ninaonaje. Mimi naona Egede hawezi kusemwa kwa sentensi moja. Alienda kutafuta wazao wa wale Wanorse, watu wa Skandinavia, walioishi kwenye fiyodi za Nuuk (ghuba nyembamba zinazoingia ndani ya nchi) zama za kati, hakuwakuta, walishatoweka karne kadhaa nyuma, akawakuta Wainuit akaamua kuwahubiria hao. Alijifunza lugha yao, mke wake Gertrud Rask aliuguza wagonjwa wa ndui mpaka na yeye akaishiwa nguvu akafa 1735, mwaka uliofuata Egede akaondoka. Hayo ni kweli. Na ni kweli pia kwamba alipigana na waganga wao, alidharau imani yao, na nyuma yake ikaja biashara ya Denmark na utawala wa Denmark, mji ukaitwa Godthåb mpaka 1979 walipopata serikali ya ndani. Kijana wa Kiinuit anayeamka kila siku akamkuta huyo mtu kilimani juu ya mji wake namwelewa kabisa. Mzee muumini anayesema huyu ndiye aliyetuletea Injili naye namwelewa. Kinachonipa heshima kwa mji ule ni kwamba waliulizana wenyewe badala ya kuamuliwa na Copenhagen.

Bagamoyo mna misheni ya kale, mna na kumbukumbu za watumwa, zote ndani ya mji mmoja, kwa hiyo wanafunzi wako wanaweza kulijadili hili vizuri kuliko wengi.

Nimesikia Greenland walirudishiwa vitu vyao vya kale na Denmark bila ugomvi. Sisi hapa Iringa tunakumbuka fuvu la Mkwawa lilivyochukua miaka kurudi. Wao waliwezaje?
*Msomaji, Iringa*

Swali zuri mno hili. Fuvu la Chifu Mkwawa lilirudi 1954 na liko Kalenga, wazee wanajua lilivyodaiwa. Greenland walichukua njia nyingine. Walipopata serikali ya ndani 1979 wakakaa mezani makumbusho ya taifa ya Denmark na makumbusho ya Greenland, wataalamu wa pande zote mbili wakapitia makabati kitu kimoja kimoja, nini kirudi, nini kibaki, ili kila upande ubaki na mkusanyiko unaoeleweka. Mpango huo unaitwa Utimut, ulianza 1982 ukamalizika 2001, na vitu kama 35,000 vilirudi Nuuk. Miaka karibu ishirini ya kazi ya kimya kimya! Jambo moja muhimu, Greenland walishakuwa na makumbusho yao ya taifa na watu wa kuvitunza, kwa hiyo kile kisingizio cha mtavihifadhi wapi hakikuwa na pa kushika. Sisemi ilikuwa rahisi, waliokuwa wanakaa meza ile walikuwa mtawala na mtawaliwa wa jana tu, ila waliheshimiana.

Vilivyotangulia kurudi ni michoro ya rangi za maji zaidi ya 200, ya Aron wa Kangeq na Jens Kreutzmann. Aron alikuwa mwindaji wa sili kwenye kile kisiwa cha Kangeq, muumini wa Moravian (ndugu wa Tukuyu umsikie na huyu), akapata kifua kikuu akawa hawezi tena kutoka baharini. Mkuu wa utawala kule, Hinrich Rink, mwaka 1858 akatangaza kwamba anayejua hadithi za kale aandike au achore, akawa anampelekea Aron karatasi, penseli na rangi. Mtu yuko kitandani anaumwa anachora vita vya mababu, Wanorse wanachomewa nyumba, kayaki zinakimbizana kwenye barafu. Alifariki 1869. Na ni Rink huyo huyo aliyeanzisha uchapaji Nuuk, gazeti la Kigreenland Atuagagdliutit likaanza kutoka 1861, mhariri akawa Rasmus Berthelsen, baadaye Lars Møller. Gazeti la lugha ya wenyeji mwaka 1861, mimi kama mtu wa magazeti hapo nasimama kwa heshima.

Ukiingia makumbusho yenyewe, ambayo iko kwenye maghala ya zamani ya bandarini, utafika kwenye chumba cha watu wa Qilakitsoq. Mwaka 1972 ndugu wawili waliokuwa wanawinda huko kaskazini, karibu na Uummannaq, walikuta makaburi mawili chini ya mwamba ulioinama, ndani miili minane, wanawake sita na watoto wawili, waliokaa pale tangu miaka ya 1475 hivi. Hawakutiwa dawa yoyote, baridi na hewa kavu ndo viliwakausha. Mmoja ni mtoto mchanga wa kiume wa miezi kama sita, amevishwa kijikoti cha manyoya chenye kofia, uso wake bado unaonekana. Wanawake watano kati ya sita walikuwa na chale usoni, mistari myembamba ya kwenye paji na mashavuni ambayo kwa macho huioni vizuri, iligundulika kwa picha za mionzi ya infraredi. Nguo zilizokutwa ni 78, za ngozi za sili, za reindia, hata za ndege, manyoya kwa ndani yakigusa mwili, mishono midogo mno.

Watu huingia chumba kile wanapunguza sauti. Wengine wanauliza kama ni haki kuwaonyesha wafu, na mimi naona ni swali la kuheshimiwa, hasa kwa sisi ambao kaburi la bibi hatulichezei. Ila wako kwao, kati ya wajukuu zao, na wanaoamua habari zao ni wajukuu hao.

Kuna jengo linaitwa Blok P naliona sana kwenye picha za zamani za Nuuk, nikitafuta kwenye ramani silioni. Liko wapi?
*Msanifu majengo, Nairobi*

Halipo kaka, lilibomolewa 2012. Lilijengwa katikati ya miaka ya 1960, ghorofa tano, fleti 320, urefu zaidi ya mita 200, na peke yake lilikuwa na karibu asilimia moja ya watu wote wa Greenland. Wakati ule Denmark ilikuwa na sera ya kuwaondoa watu kwenye vijiji vya pwani iwalete mjini kufanya kazi kwenye samaki, vijiji vikafungwa, mvuvi aliyezoea kukaa mlangoni na boti yake akajikuta ghorofa ya nne kwenye korido ndefu. Milango na makabati vilipimwa kwa maisha ya Denmark, nguo nene za kuvulia na zana havikuenea, samaki na nyama wakawa wanasafishia bafuni mabomba yanaziba. Ukutani kwenye ncha ya jengo msanii Julie Edel Hardenberg pamoja na watoto walishona bendera kubwa ya Greenland kwa nguo zilizovaliwa, ikatundikwa pale.

Wewe kwa kazi yako ningekushauri uiangalie Katuaq pia, jumba la utamaduni la 1997, kazi ya Schmidt Hammer Lassen, ukuta wake wa mbao umejipinda kama mawimbi ya ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku. Na chuo cha ualimu, Ilinniarfissuaq, jengo la 1907, ambalo liko hata kwenye nembo ya mji. Chuo chenyewe ni cha miaka ya 1840, viongozi na waandishi wengi wa Greenland wamepita hapo.

Nina viza ya Schengen tayari, naweza kuunganisha tu kutoka Copenhagen?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Usifanye hivyo kabla hujahakikisha. Greenland iko chini ya ufalme wa Denmark lakini haimo kwenye Schengen, viza yako lazima iandikwe wazi kuwa inafaa kwa Greenland, na hiyo unaiomba ubalozi unaoshughulikia viza za Denmark wakati ule ule wa maombi. Na huyo mwanafunzi wa Aarhus naye kibali chake cha kukaa Denmark asikitegemee hivi hivi, aulize kwanza. Ndege kubwa zinatua moja kwa moja Nuuk kutoka Copenhagen tangu Novemba 28, 2024, zamani ilibidi ubadilishie uwanja wa Kangerlussuaq. Na ukishafika Nuuk hamna barabara ya kwenda mji mwingine wowote, ni ndege au boti, kwa hiyo kama unataka na Kangeq ulipie boti mapema na uache siku moja ya akiba kwa ajili ya hali ya hewa.